Mamlaka Yatoka Wapi? Misingi ya Utawala wa Kikatiba kama Ionekanavyo Karagwe na Kyerwa

Mchungaji anayehudumu katika usharika wowote wa Karagwe au Kyerwa hukutana na Serikali karibu kila juma. Mwenyekiti wa kitongoji huja kuomba tangazo lisomwe baada ya ibada. Afisa Mtendaji wa Kijiji huja na orodha ya michango ya ujenzi wa madarasa. Mama mjane huja akilia kwamba shemeji zake wameingia katika shamba lake la migomba, naye hajui aende barazani au mahakamani. Wote hao husema “Serikali” kana kwamba ni kitu kimoja, na sisi wachungaji mara nyingi huwajibu kwa Warumi 13 peke yake, kana kwamba Mtume Paulo alikwisha kumaliza maneno yote ya jambo hili.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mamlaka ya kutawala yalivyopata misingi yake katika nchi yetu hii ya magharibi ya Ziwa, na kanuni zinazoyashikilia leo. Nitaifanya kazi hiyo kwa kuilinganisha na Katiba ya Marekani. Siitumii Marekani kwa sababu watu wake ni wema kuliko wengine. Msomaji ataona kwamba hawakuwa. Naitumia kwa sababu katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, ni ya kale kuliko katiba zote za kitaifa zilizoandikwa na zinazotumika hadi sasa, na kanuni zake zimeelezwa waziwazi kiasi kwamba mtu akizitazama huanza kuona vizuri zaidi zile za nyumbani kwake.

Ngoma ya Rumanyika

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika ufalme wa Karagwe wakapokewa kwa heshima na Omukama Rumanyika. Kati ya mambo ambayo Speke aliyaandika ni maelezo ya Rumanyika mwenyewe juu ya jinsi alivyoupata ufalme. Baba yake, Ndagara, alipofariki, walibaki wana watatu waliokuwa na madai. Wakuu wa nchi waliweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa uzito lakini iliyojazwa dawa, hata asiweze kuiinua yeyote ila aliye mrithi wa haki. Rumanyika, kwa maelezo yake, aliinua ngoma hiyo kwa kidole kidogo. Ndugu yake Rogero hakukubali, akapigana, na vita hiyo haikumalizwa na ngoma bali na bunduki za wafanyabiashara waliokuja kutoka upande wa Tabora.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina somo zima la utawala ndani yake. Swali ambalo kila dola hulijibu ni hili: kwa nini huyu atawale, na si yule? Karagwe ya kale ilijibu kwa ukoo na kwa ishara. Ukoo ulikuwa wa Bahinda, waliojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Ishara ilikuwa ngoma, pamoja na vile vyombo vya chuma vilivyotunzwa katika makao ya kifalme ya Bweranyange. Yafaa tuone pia kwamba walioweka ngoma walikuwa wakuu wa nchi. Hata katika ufalme uliodai kutoka juu kulikuwa na watu fulani ambao bila wao mfalme hakusimama.

Je, Omukama alikuwa na mipaka? Hapakuwa na maandishi ya kumfunga. Hata hivyo ilikuwapo desturi, walikuwapo wakuu wa koo na washauri, na palikuwa na mpaka mwingine ambao wanahistoria huusahau: mtu aliyeonewa aliweza kufunga mizigo yake akahamia Nkore, Rwanda au Buhaya. Mtawala ambaye watu wake wanaweza kuondoka hujifunza kiasi fulani cha upole. Lakini upole wa namna hiyo si haki. Mkulima aliyekaa katika ardhi ya nyarubanja, yaani ardhi ambayo Omukama aliwagawia wakuu pamoja na watu waliokaa juu yake, alitoa sehemu ya mazao yake kwa bwana ambaye hakumchagua, wala hakuwa na mahali pa kumshitaki ila kwa mabwana wa namna ileile. Tena huko Kafuro, karibu na makao ya kifalme, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo cha biashara iliyofungamana na misafara ya pembe na watumwa. Wale wanaotuelezea Karagwe ya kale kana kwamba ilikuwa Edeni wanapaswa kulisoma jambo hilo nalo.

Yaliyoamuliwa Philadelphia

Miaka 74 kabla ya Speke kufika Bweranyange, wajumbe 55 walishiriki katika mkutano wa mjini Philadelphia. Makoloni yao 13 yalikuwa yamejitangazia uhuru kutoka kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1776, na shirikisho lao la kwanza lilikuwa dhaifu mno: halikuweza kutoza kodi. Walikuja kulirekebisha, wakaondoka na katiba mpya kabisa, ambayo ilianza kutumika mwaka 1789.

Wajumbe hao hawakuanza na karatasi tupu. Walirithi desturi ya Kiingereza, iliyoanzia kwenye Hati Kuu ya mwaka 1215, kwamba mfalme naye yuko chini ya sheria. Walirithi pia mafundisho ya makanisa ya Kireformati juu ya agano na juu ya dhambi. James Madison, ambaye mchango wake katika katiba ile ni mkubwa kuliko wa wengi, alisomeshwa katika chuo cha Princeton chini ya John Witherspoon, mchungaji Mpresbiteri aliyetia sahihi Azimio la Uhuru. Madison alifikiri hivi: kama watu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika, na kama watawala wangekuwa malaika, serikali isingehitaji kudhibitiwa. Kwa kuwa wote si malaika, mamlaka yagawanywe, na kila mwenye sehemu awe na sababu ya kuizuia sehemu ya mwenziwe. Mwanafunzi wa theolojia atatambua mara moja kwamba hili ni fundisho la dhambi ya asili lililohamishiwa katika ujenzi wa dola.

Basi kanuni zao kuu zilikuwa hizi. Mamlaka hutoka kwa wananchi, wala si kwa ukoo. Mamlaka hayo yana mipaka iliyoandikwa. Yamegawanywa katika mihimili mitatu, yaani Bunge la kutunga sheria, Rais wa kuzitekeleza na Mahakama ya kuzitafsiri. Na yamegawanywa tena baina ya serikali ya shirikisho na majimbo, kiasi kwamba yale ambayo shirikisho halikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mwaka 1791 yaliongezwa marekebisho kumi ya kulinda haki za mtu mmoja mmoja, la kwanza likihusu uhuru wa dini. Wasomaji wa gazeti hili watapenda kujua kwamba Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi, ambaye sahihi yake imo katika marekebisho hayo, alikuwa Frederick Muhlenberg, mchungaji wa Kilutheri aliyeacha mimbari akaingia katika siasa.

Lakini wajumbe haohao walikubaliana kwamba, katika kugawa viti vya wawakilishi, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Neno “wananchi” halikumhusu mtumwa hadi baada ya vita kubwa na marekebisho ya mwaka 1865 na yaliyofuata, wala wanawake hawakuhakikishiwa kura nchini kote hadi mwaka 1920. Kanuni ilikuwa kubwa kuliko watu walioiandika.

Kutoka kwa Omukama hadi kwa Mkuu wa Wilaya

Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890. Baadaye Bukoba, pamoja na Rwanda na Urundi, ilitawaliwa kwa mfumo wa Residenti, maana yake mkoloni alikaa kando na kutawala kwa mkono wa Bakama. Waingereza waliuendeleza utaratibu huo na kuupa sheria ya mwaka 1926 juu ya mamlaka za wenyeji, wakati wa Gavana Donald Cameron. Wengi husema kwamba kwa njia hiyo mila zetu zilihifadhiwa. Mimi naona kinyume. Omukama wa kale alizuiliwa na koo, na desturi, na hofu ya watu kuhama. Omukama wa mkoloni alikuwa na polisi nyuma yake, na watu hawakuweza tena kuhama kwa urahisi kukwepa kodi. Aliamuru, alitoza, tena alisikiliza mashauri katika baraza lake. Mamlaka matatu yalikaa katika kiti kimoja, na aliyeweza kumwondoa alikuwa Mwingereza tu. Ngoma ilibaki, ila ambao zamani waliiweka mbele ya mrithi hawakuwa na nguvu tena.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, mambo yalibadilika kwa haraka sana. Mwaka 1963 Bunge lilifuta sheria ya machifu, na utawala wa Bakama ukakoma kisheria. Mwaka uleule sheria ya mahakama za mahakimu iliziunganisha mahakama za wenyeji na mfumo mmoja wa taifa, na kwa hiyo kazi ya kuhukumu ikaanza kutengwa na kazi ya kutawala. Mwaka 1965 sheria ya kuikomboa ardhi ya nyarubanja iliwapa wapangaji haki juu ya mashamba waliyoyalima. Hayo yalikuwa mapinduzi yasiyomwaga damu, na wazee wetu wengi waliyaishi pasipo kuyaita kwa jina hilo. (Tukumbuke kwamba Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania nalo liliundwa Juni 1963, kwa kuunganisha makanisa saba. Ulikuwa mwaka wa kuunganisha.)

Hapa ndipo tofauti yetu na Marekani inapoonekana. Majimbo yao yalikuwapo kabla ya shirikisho, yakakubaliana kuliunda. Karagwe nayo ilikuwapo kabla ya Tanganyika, lakini haikuulizwa, iliingizwa. Aliyekaribia hali ya majimbo yale katika historia yetu ni Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika kwa Hati za Muungano mwezi wa Aprili 1964. Halmashauri zetu za wilaya ni watoto wa sheria ya Bunge, na aliyezaa aweza kufuta. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, na maofisa wa Serikali Kuu wakashika kazi zake. Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Sasa zimetajwa katika Ibara za 145 na 146 za Katiba ya mwaka 1977, ambazo zaeleza kuwa shabaha yake ni kuwapa wananchi madaraka. Ni haki kuongeza kwamba hata kule Marekani miji na kaunti si majimbo. Hizo nazo zimeundwa na sheria za majimbo yao. Mwenye kulinganisha halmashauri ya Karagwe na jimbo la Virginia analinganisha ndizi na shamba.

Katiba yetu yasema katika Ibara ya 8 kwamba wananchi ndio chimbuko la mamlaka yote, na katika Ibara ya 4 yagawa kazi baina ya vyombo vya utendaji, utoaji haki na utungaji sheria. Katika maneno tunakaribiana na Philadelphia. Katika mpangilio tulifuata zaidi njia ya Westminster: mawaziri wetu ni wabunge, jambo ambalo katiba ya Marekani hulikataza, na kwa Ibara ya 62 Rais mwenyewe ni sehemu mojawapo ya Bunge. Wilayani hali ni hivyohivyo. Diwani huchaguliwa na kata yake, na mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani. Lakini Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais. Kwa hiyo katika wilaya moja hukaa pamoja mamlaka mawili, moja likitoka chini na lingine likishuka kutoka juu, na migogoro mingi inayoletwa mbele yetu kama ugomvi wa watu wawili, kwa hakika, ni mgongano wa mamlaka hayo.

Kuzaliwa kwa Kyerwa

Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilitengwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka uleule ilionyesha kwamba kila moja ya wilaya hizo mbili ilikuwa na watu zaidi ya 300,000, na mtu aliyekaa Murongo, mpakani mwa Uganda, alisafiri mbali sana kufika Kayanga kwa shauri dogo. Hakuna aliyetilia shaka haja yake. Linalotuhusu hapa ni njia. Mapendekezo ya kugawa wilaya hupitia vikao, tangu vijijini hadi mkoani, lakini mamlaka ya mwisho ni ya Rais, kwa Ibara ya 2 ya Katiba. Huko Marekani jimbo haliwezi kugawanywa bila ridhaa ya bunge la jimbo lenyewe pamoja na ya Bunge la shirikisho. Ndivyo Maine ilivyotoka Massachusetts mwaka 1820. Njia yetu ni ya haraka, na kwa nchi maskini haraka ina thamani yake. Njia yao huacha kumbukumbu kwamba waliogawanywa walikubali.

Haki za mtu mmoja

Mpaka sasa nimesema juu ya vyombo. Hatuna budi kusema pia juu ya mtu. Sheria ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Kwa Ibara ya 15 mtu hakamatwi wala kufungwa ila kwa utaratibu wa sheria. Kwa Ibara ya 17 raia hawezi kulazimishwa kuhama wala kufukuzwa katika nchi yake.

Mwaka 2013 ibara hizo zilipimwa hapa kwetu. Mwezi wa Julai Rais aliagiza wahamiaji haramu waondoke mkoani Kagera katika muda wa majuma mawili, na mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi wa silaha ulikuwa umewatesa watu wetu kweli. Lakini mpaka wetu ni mto Kagera tu, na pande zote mbili watu wana koo, ng’ombe na lugha zinazofanana. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwamba miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo watu waliozaliwa hapa au walioishi hapa miaka mingi, na kwamba familia zilitenganishwa. Uraia ni jambo la sheria; huamuliwa kwa ushahidi, wala hautambuliwi kwa umbo la pua au lafudhi ya mtu.

Wamarekani hawawezi kutufundisha kwa majivuno katika hili. Mwaka 1942 Rais wao alitoa amri iliyowatia kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia kamili, na Mahakama Kuu yao ikairidhia mwaka 1944. Iliwachukua hadi mwaka 1988 kuomba radhi kwa sheria na kulipa fidia. Haki zao zilikuwa zimeandikwa miaka 150 kabla ya kambi zile.

Neno juu ya Warumi 13

Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, aliuliza mtu apaswa kutii kwa kiasi gani. Jibu lake lina sehemu mbili, na sisi kwa kawaida huhubiri ile ya kwanza peke yake: kwamba mamlaka ni agizo la Mungu la kuzuia uovu. Ya pili ni kwamba mamlaka hayo yana mpaka, wala hayaifikii dhamiri. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, nalo laamuru utii, kisha lataja pale utii unapokoma, yaani mtu anapoamriwa kutenda dhambi. Agano la Kale halisemi kwa sauti ndogo: katika Kumbukumbu la Torati 17 mfalme aamriwa kujiandikia nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, na katika 1 Samweli 8 watu waonywa hesabu kamili ya kile ambacho mfalme atawachukulia, mashamba na mizabibu ikiwemo. Mwenye kulima nyarubanja angeisoma sura ile bila kuhitaji mfafanuzi.

Katika utawala wa Paulo raia hakuwa na kura. Katika utawala wetu “mamlaka iliyo kuu” ni pamoja na Katiba, ambayo Rais na mgambo wote wameapa au wameagizwa kuitii. Mkristo anayeuliza barazani matumizi ya fedha za kijiji yamesomwa lini, hapingani na mamlaka. Anayatii yaliyo juu zaidi.

Katiba yenyewe yaweza kubadilishwa. Ile ya Marekani imerekebishwa mara 27 katika zaidi ya miaka 230. Yetu, hadi mwaka 2005, ilikuwa imerekebishwa mara 14 katika miaka 28, kwa kuwa Ibara ya 98 yataka theluthi mbili ya wabunge tu, na kwa mambo fulani ya Muungano theluthi mbili za kila upande. Mwananchi wa Nkwenda au Nyaishozi haulizwi moja kwa moja. Angeulizwa katika kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum mwezi wa Oktoba 2014. Kura hiyo ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa.

Lakini kipo kikao kimoja ambamo mwananchi huulizwa moja kwa moja, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, mchungaji akiwamo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi kama mdhamini tu, wala haiwezi kuigawa kabla mkutano huo haujaridhia. Hii yahusu na viwanja vya makanisa. Usharika ulioonyeshwa eneo na mwenyekiti peke yake, akipima kwa hatua jioni mbele ya wazee wawili wa kanisa, uombe kwanza muhtasari wa mkutano mkuu wenye tarehe, mahudhurio na sahihi, kabla ya kuchimba msingi.